Siku Walipofuta Birika la Baba

Babangu hakuwahi kuandika jina juu ya duka lake. Alisema wateja wake wengi hawasomi, na wale wanaosoma wanamjua tayari. Badala yake alimwita fundi wa kuchora, akamwonyesha birika tulilokuwa tukitumia nyumbani, lile jeupe lenye mdomo mrefu, akamwambia alichore ukutani liwe kubwa kama mlango. Tangu siku hiyo duka letu likaitwa Birika. Mtu akitoka Merti au Korbesa na hajawahi kufika Isiolo, aliambiwa tu: ukishuka kwenye lori fuata veranda, ukiona birika ingia.

Baba alipofariki, kaka zangu walikuwa wameshaingia kwenye biashara ya malori, kama watu wengi wa kwetu, wajukuu wa wale askari walioletwa hapa na mkoloni halafu wakaachwa hapa hapa. Duka likabaki kwangu. Ninauza majani ya chai, sukari, unga, sufuria, tochi, shuka, na mitungi ya plastiki ya kuchotea maji. Nimelea watoto wanne kwa duka hilo, na sikuwahi kuhitaji mtu wa kunifundisha mteja ni nani.

Kisha supamaketi ikafunguliwa pale kwenye kona. Sina ugomvi na mtu kufungua duka. Riziki anagawa Mungu. Ugomvi wangu ni kwamba sukari yao rejareja ilikuwa rahisi kuliko ile ninayonunua mimi kwa jumla. Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilibisha, mpaka mteja mmoja akaniletea pakiti yenyewe ikiwa na bei juu yake. Huku kwangu nina leseni ya kulipia, cheti cha afya, cheti cha zimamoto, na ada ya takataka ambazo huzolewa na upepo tu.

Kwa hivyo niliposikia kuna mradi wa kuwasaidia wenye maduka madogo, wafadhili wa ng'ambo wakishirikiana na kaunti, nilikwenda kwa moyo mweupe. Nasema hivi kwa sababu baadaye wadogo zangu walinicheka wakidai nilifuata pilau ya hoteli.

Semina ilikuwa ya siku mbili. Mkufunzi alikuwa kijana kutoka Nairobi, mpole, mwenye sauti ya redioni. Alitufundisha kutabasamu. Alitufundisha kupanga peremende karibu na mahali pa kulipia, ili mtoto azione na mama yake ashindwe kukataa. Mimi sina mahali pa kulipia. Nina meza, na nyuma ya meza nipo mimi.

Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa amekaa kando yangu. Ni mwalimu mstaafu kutoka upande wa Meru, alifundisha Kiingereza miaka thelathini, na mpaka leo mji mzima unamwita Mwalimu. Anauza vitabu na sare za shule, na siku hizi sukari na unga pia, kwa sababu hakuna anayenunua kitabu kila mwezi. Aliinua mkono kama mwanafunzi. Akasema kwamba supamaketi inanunua sukari kwa lori zima, na sisi tunanunua magunia mawili matatu kutoka kwa mtu aliyenunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Je, mradi utatusaidia vipi tupate ghala moja tununue pamoja?

Mkufunzi alisema hilo ni swali zuri sana. Akaliandika kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, iliyoandikwa juu yake "Maegesho." Alitueleza kwamba swali lisilokuwa kwenye ratiba linaegeshwa pale, kama gari, mpaka wakati wake ufike. Mwenye bucha akauliza kuhusu ada za leseni, likaegeshwa. Mimi nikauliza kwa nini tunalipia takataka, likaegeshwa. Siku ya pili jioni maegesho yalikuwa yamejaa na hakuna gari lililotoka. Mhudumu wa hoteli alipokuwa akikusanya chupa za chai akaibandua ile karatasi, akaikunja. Mwalimu alimwuliza anaipeleka wapi. Akajibu kwamba ameambiwa asafishe chumba.

Kabla ya kupewa vyeti tulitia sahihi fomu. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, na nje gari la kuturudisha lilikuwa linapiga honi. Niliweka sahihi. Mwalimu naye akaweka, bila kusoma hata mstari mmoja, mtu aliyewachapa watoto wa watu kwa kutosoma maswali.

Wiki kadhaa baadaye nilifunga duka siku mbili nikampeleka mamangu Meru kuonwa macho. Niliporudi, nilishuka stendi, nikamtanguliza mama nyumbani kwa bodaboda, nikatembea na mzigo wangu, na nikapita duka langu. Nasema kweli. Nililipita, nikafika mpaka kwenye bucha, ndipo nikashtuka. Ilibidi nirudi nikihesabu milango. Safu yote, kuanzia kwa fundi cherehani hadi kwa mwenye bucha, ilikuwa imepakwa rangi moja, samawati chini na nyeupe juu, na kila mlango ulikuwa na namba. Mimi nilikuwa kumi na saba. Pale birika lilipokuwa palikuwa peupe.

Mwalimu alitoka dukani kwake akasimama kando yangu. Nilimwuliza kama aliona wakipaka.

"Niliona," akasema. "Niliwaambia birika waliache. Wakanionyesha sahihi yako. Halafu wakanionyesha yangu."

Nilikuwa na maneno mengi, lakini nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani. Nilifungua duka nikafagia. Rangi ilikuwa imedondokea hata kwenye kizingiti.

Majirani wengine waliipenda ile rangi, siwezi kukataa. Fundi cherehani alisema sasa tunaonekana kama mji. Lakini kwangu wiki zile mauzo yalianguka, na nilijua sababu. Simu zilikuwa zinaniingia kutoka kwa watu waliosimama hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, wakiniuliza nimehamia wapi. Nikiwaambia natoka nje wanione, wanacheka, ninacheka, tunaingia ndani. Hao ni wenye simu na wenye namba yangu. Wasiokuwa nayo sikujua wanakwenda wapi, mpaka siku aliyokuja akko.

Akko kwa Kiborana ni nyanya, na huyu nimemwita hivyo tangu nikiwa msichana. Anatoka Sericho. Alikuwa mteja wa babangu kabla sijazaliwa. Hushuka mjini mara mbili kwa mwaka, safari ya siku nzima juu ya magunia, kununua mahitaji ya boma zima. Kila akija hukaa kwenye kiti nyuma ya meza yangu, tunakunywa chai, ananieleza nani ameolewa, nani amekufa na kisima kipi kimekauka, kisha ndipo tunaanza kupima.

Siku hiyo asubuhi, kama alivyonieleza baadaye, alitembea safu yetu kutoka mwanzo hadi mwisho mara mbili akitafuta birika. Macho yake hayana nguvu, na namba hazimwambii kitu. Alimwuliza mtu wa mkokoteni. Yule mtu akamwambia maduka ya zamani yalishafungwa, siku hizi watu wananunua supamaketi, akampeleka mpaka mlangoni akitarajia kumbebea mzigo wake akitoka. Mlangoni mlinzi alimchukulia gunia lake dogo, akampa kibao cha plastiki chenye namba. Akko akaingia. Alizunguka kati ya rafu akisubiri mtu amwulize anataka nini. Hakuna aliyemwuliza. Aliniambia kitu kilichomtisha zaidi ni kwamba vitu vilikuwa vingi na watu walikuwa wengi lakini hakuna aliyesalimia. Kile kibao alikiweka mahali fulani, hakumbuki wapi. Akatoka mikono mitupu. Mlinzi akamdai kibao, yeye hakuelewa anadaiwa nini, mwishowe akaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara, jua la saa sita likimpiga.

Mwalimu ndiye aliyemwona alipokuwa akienda benki. Hajui Kiborana, na akko hajui Kiswahili cha kutosha, lakini miaka yote hiyo amekuwa akimwona akikaa kwangu. Akamwashiria kwa mkono amfuate. Benki ikabaki kwa siku nyingine.

Nilikuwa nikipima unga walipoingia. Akko alisimama mlangoni akanitazama kwa muda mrefu. Nilimsalimu. Alikaa kwenye kiti chake taratibu, akiwa bado ananitazama usoni.

"Nilifikiri umekufa," akasema. "Nimekusomea Fatiha pale barabarani."

Nilicheka kidogo, halafu nikaacha. Mteja niliyekuwa nikimpimia unga aliondoka bila chenji yake. Nilimshika akko mikono. Alikuwa amenililia peke yake, kando ya barabara, hatua mia mbili kutoka nilipokuwa nimekaa nikisubiri wateja.

Alipokunywa maji na chai, akataja gunia lake. Ndani mlikuwa na kibuyu cha samli aliyoniletea mimi. Nilimwachia Mwalimu duka nikaenda na akko supamaketi. Nilikuwa sijawahi kukanyaga pale, na njia nzima nilikuwa ninapanga maneno ya kumwambia yeyote nitakayemkuta.

Mlinzi alituitia meneja. Meneja alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, amevaa tai kwenye joto la Isiolo. Nilimweleza kwa ukali, tena mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda mwenyewe kulitafuta gunia, akalileta kwa mikono miwili akamkabidhi akko, akamwomba radhi. Kisha akanigeukia.

"Pole, mama," akasema. "Mimi pia nilikulia dukani. La babangu lilifungwa. Ndiyo maana niko hapa."

Nilirudi na hasira zangu zote, sina pa kuzituma. Hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana.

Kesho yake, baada ya kumpakia akko na mizigo yake kwenye lori, Mwalimu na mimi tulikwenda ofisi ya biashara ya kaunti. Afisa tuliyemkuta ni mtu ninayemfahamu, si mtu mbaya. Nilimwomba jambo moja tu: nichore birika pale lilipokuwa, kwa gharama yangu. Alifungua faili, akafunga, akafungua nyingine. Akatueleza kwamba mchoro wowote kwenye ukuta wa biashara ni tangazo. Tangazo linahitaji ombi la maandishi, mchoro wenye vipimo, picha ya jengo, na ada ya kila mwaka.

Nilimwuliza kama birika la babangu lilikuwa tangazo miaka yote hiyo.

"Lile lilikuwa mchoro tu," akasema. "Likichorwa sasa ni tangazo."

Akaongeza kwamba hata tukilipa, ukuta hauguswi mpaka wafadhili waje kukagua, kwa sababu kwenye ripoti umeandikwa kuwa umekamilika. Mwalimu alimwuliza kuhusu ghala. Afisa akasema ghala halikuwa kwenye awamu hii. Mwalimu akauliza awamu hii ilikuwa na nini. Afisa akatazama dirishani, akasema rangi na mafunzo. Tuliandika barua ya ombi palepale, tukampa, ikagongwa muhuri, Mwalimu akabaki na nakala.

Wafadhili walikuja baada ya mwezi na zaidi. Tuliambiwa siku mbili kabla tufagie na tusiweke bidhaa nje. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, na watu wa kamera. Walipita mlango hadi mlango. Afisa wetu ndiye aliyekuwa akitafsiri. Walipofika kwangu yule mwanamke aliuliza, akatafsiriwa, kwamba mradi umebadilisha nini kwenye biashara yangu.

Sikutaka kumwaibisha mtu, na sikutaka kusema uongo. Nilisema polepole ili atafsiri vizuri. Nilisema rangi ni safi na ninashukuru kwa nia. Lakini mlifuta alama ya duka langu bila kuniuliza, na wateja wangu hawasomi namba. Mama mmoja kutoka Sericho alinitafuta akafikiri nimekufa. Tulichoomba kwenye semina ni ghala la kununua bidhaa pamoja, na hilo hatujaliona.

Afisa alitafsiri kwa sentensi moja. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini neno la furaha nililisikia, na la shukrani. Wageni wakatabasamu, kamera ikainuliwa.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wake, namba kumi na nane. Akakohoa.

"Hivyo sivyo alivyosema," akasema kwa Kiswahili, akimtazama afisa. Kisha akageukia wageni akaanza kusema kwa Kiingereza, sentensi moja moja, kwa ile sauti ya mtu anayesoma imla. Sikufuata yote, lakini niliposikia "Sericho" nilijua amefika wapi. Hakuongeza lake. Alisema langu lote na akanyamaza. Yule mwanamke hakutabasamu tena. Alitoa daftari akaandika kwa muda, akauliza maswali mawili kuhusu ghala, Mwalimu akayajibu. Kisha wakaendelea na mlango wa kumi na tisa.

Jioni afisa alirudi peke yake. Nilitarajia ugomvi, lakini alikuwa amechoka tu.

"Mama, mngeniambia mimi kwanza," akasema.

"Tulikuambia."

"Basi mngeniandikia."

Mwalimu aliingia kwake akatoka na nakala ya barua, muhuri wa ofisi juu yake. Afisa aliisoma akiwa amesimama. Akairudisha, akasema ataangalia, akaenda zake. Ninaamini mpaka leo kwamba ile barua hakuwa ameisoma, ingawa sisi tulimpa mkononi.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Nimeruhusiwa kuweka alama ya utambulisho, bila ada kwa mwaka wa kwanza, isiyozidi ukubwa wa karatasi moja ya ofisini. Fundi niliyemwita aliniuliza mara mbili kama nina hakika na kipimo. Akachora. Si birika baya, lina mdomo na mkono na kila kitu, lakini mtu akiwa ng'ambo ya barabara anaweza kudhani ni doa. Utingo wa malori ya Merti sasa huwaelekeza abiria wao: mlango wa kumi na saba, karibu na Mwalimu, ukifika uliza. Kuuliza kumerudi, angalau.

Ghala halikuja, na sidhani linakuja. Kwa hivyo wenye maduka sita tulikaa kwa Mwalimu, juu ya maboksi ya vitabu, tukakubaliana kuchangia na kukodi lori moja mpaka kwa muuzaji mkubwa tununue sukari na unga kwa pamoja. Nisiseme tulikaa mara moja. Tulikaa mara tano. Fundi cherehani, ambaye kama mwenye bucha huuza pia sukari na unga kidogo, alijitoa akarudi. Mwenye bucha alitaka mzigo ushushwe mlangoni kwake kwa sababu kwake kuna kivuli, na mwingine akasema kwa nini kwake, kwani sukari ni nyama. Mwalimu aliandika kanuni kwenye daftari, akatulazimisha wote tuzisome kwa sauti, mstari kwa mstari, kabla ya kutia sahihi. Hakuna aliyebisha.

Lori lilitarajiwa saa kumi na mbili asubuhi likafika saa nne. Gunia moja la unga lilikuwa limepasuka, tukabishana ni la nani mpaka Mwalimu akasema tuligawe sita. Tulipokuwa tunashusha, askari wa kaunti akatokea akadai ada ya kushusha mizigo kando ya barabara. Nilimwambia huu ndio ule msaada wa wafanyabiashara wadogo, ila tumejipa wenyewe. Hakuona kichekesho. Tulilipa.

Nilipanga sukari yangu kwenye rafu nikaandika bei, ya chini kuliko nilivyowahi kuandika mwaka ule. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Aliitazama bei, akaniambia supamaketi bado iko chini yangu kwa shilingi mbili. Nilimwambia ninajua. Akasema haya, akaenda zake huko.

Baada ya kama nusu saa alirudi, mfuko wa sukari yao mkononi, akaniuliza kama nina kamba ya mkonge ya kumfungia punda, kwa sababu kule hawauzi. Nilikuwa nayo. Nilimkatia pima tatu, akaivuta kwa nguvu kuijaribu, akanilipa, na akakaa kidogo kwenye kiti kumnyonyesha mtoto.